Macho Yenye Pazia

"Mjomba, kumbe ramani yenyewe ni ndogo hivi?"

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao ndani ya banda la gemu pale Chang'ombe, Dodoma, pedi ya kuchezea mkononi, CJ, mhusika mkuu wa GTA San Andreas, amemsimamisha juu kabisa ya Mlima Chiliad. Mimi nilikuwa nimekuja kumchukua tu. Dada alishanipigia mara mbili kuuliza mtoto yuko wapi na jua linazama. Nikasukuma pazia la mlangoni, nikainama nyuma ya bega lake, nikatazama kioo.

Vyote vilikuwa pale.

Los Santos ile pale, maghorofa yake yamesimama kama maboksi ya biskuti juu ya rafu. San Fierro upande wa pili. Katikati mashamba, kisha jangwa, na kwa mbali majengo ya Las Venturas. Miji mitatu ambayo mimi ilinichukua muhula mzima wa shule kuifikia ilikuwa imekaa kwenye kioo kimoja kama vikombe kwenye sinia.

Nikamwambia zima, twende, mama anasubiri. Njiani tulizungumza habari za shule. Swali lake sikulijibu.

Hiyo ilikuwa Septemba. Sasa ni Desemba, mvua imeshanyesha, na swali lile bado naamka nalo.

## Mlima wa Makole

Nilikua Makole, na GTA San Andreas niliicheza kwenye PS2, mashine ya gemu ya jirani aliyekuwa akitoza shilingi mia mbili kwa nusu saa. Gemu ilitoka 2004. Kwetu ilifika miaka kadhaa baadaye, kwenye diski isiyo na boksi, jina limeandikwa kwa makapeni. Kulikuwa na karatasi moja ya daftari yenye mfuatano wa batani za kuita magari na ndege, imekunjwa mpaka mikunjo ikachanika, na aliyekuwa nayo alikuwa mkubwa wa mtaa.

Siku ya kwanza nilipanda Chiliad kwa baiskeli. Nusu saa yangu iliishia njiani, mwenzangu akanilipia nyingine ili na yeye aone kilele.

Tulipofika juu, tulikuta rangi.

Si miji. Rangi ya chungwa, kama vumbi la barabarani lori likipita jioni. Miti ya karibu ilionekana vizuri, ya chini yake ikawa vivuli, kisha hata vivuli vikaisha. Mbele ya hapo hakuna kitu, na ndani ya hicho kisicho kitu sisi watoto watano tuliweka kila tulichotaka. Mmoja alisema ng'ambo ile ndiko Las Venturas. Mwingine aliapa kwamba binamu yake wa Singida ameliona jitu lenye manyoya kwenye msitu wa chini, limesimama tu, halikimbii.

Nilipokua nikapata intaneti ndipo nikajua kwamba habari za jitu lile zilikuwa zimeenea dunia nzima. Watu waliingia msituni usiku kulitafuta, wakapiga picha za vivuli ndani ya ukungu wakasema ndilo. Kwenye gemu ile ya 2004 jitu hilo halimo. Hakuna aliyelitengeneza.

Lilizaliwa na ukungu.

## Megabaiti 32

PS2 ilikuwa na megabaiti 32 za kumbukumbu kuu na 4 za picha. Simu ninayoandikia makala haya ina gigabaiti 4, mara 128 ya ile kumbukumbu kuu. Dunia ya San Andreas ina ukubwa wa takriban kilomita 6 kwa 6, na isingeweza kukaa yote mle ndani hata kwa sekunde moja. Mashine ilikuwa inaisoma kutoka kwenye diski kipande kwa kipande kadiri unavyosonga: inavuta mtaa unaokuja, inatupa mtaa uliopita. Ukipanda ndege ya kasi unaiwahi, unaona nyumba ikichomoza ghafla mbele ya pua ya ndege. Sisi tulikuwa tukisema diski imechubuka. Huenda kweli ilichubuka, lakini mara nyingi ilikuwa mashine ikikimbizana na macho yetu.

Na kamera yenyewe? Kamera ya gemu haina lensi. Ni hesabu tupu. Chukua tochi usiku, imulike mbele: ule mwanga unaotanuka ndilo eneo inaloliona, ila lenyewe lina kuta nne, kama piramidi iliyolazwa ubavu. Sasa ikate ncha karibu na mkono wako, kisha iwekee ukuta kule mwisho. Kilichomo humo kinachorwa. Kilicho nje hakichorwi. Nyuma ya mgongo wa kamera hakuna mtaa hata mmoja uliochorwa. Ukigeuka, unachorwa palepale, na ule uliokuwa mbele unafutika.

Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nililala nikiwa na woga kidogo.

Ukuta wa mwisho ndio mgogoro wenyewe. Umbali ukizidishwa mara mbili, eneo la ardhi la kuchora linakuwa mara nne. Na kuna shida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mashine hukumbuka umbali wa kila nukta kwa namba yenye nafasi finyu, na sehemu kubwa ya usahihi wa namba hizo huishia karibu na kamera. Ukiuvuta mno ukuta wa mwisho, vitu vya mbali vinaanza kuchanganyika: ukuta wa nyumba na bango lililobandikwa juu yake vinagombania nani yuko mbele, vinametameta kila ukisogea.

Kwa hiyo ukuta unawekwa karibu. Lakini ukiuacha hivihivi, mchezaji ataona dunia imekatwa kwa kisu, na milima inazaliwa mbele yake kila anapopiga hatua. Ndipo rangi ikaja. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali, changanya rangi yake na rangi ya anga, mpaka kikifika kwenye ukuta kiwe anga tupu. Mkato haupo tena. Kuna ukungu.

Waliotengeneza gemu ya kutisha ya Silent Hill mwaka 1999 walibanwa na PlayStation ya kwanza namna hiyohiyo. Mji hauchoriki wote, wakaujaza ukungu, na ukungu ukawa ndiyo hofu yenyewe. Mwaka huohuo gemu ya Superman ya Nintendo 64 ilijaribu kuuhalalisha ukungu wake kwa hadithi, kwamba ni moshi wa Kryptonite wa adui. Haikushika. Mtu anayeruka angani anastahili kuona mbali, na ukimnyima hilo hujamtengenezea fumbo, umemfunga kamba miguuni. Kumbe ukungu nao una mahali pake.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa nasikia msemo huo nikiwaza majahazi ya Pwani ambayo sijawahi kuyapanda. Siku hizi nikiusikia naona rangi ya chungwa.

## Walichokiondoa 2021

Novemba 2021 gemu ile ilitoka upya kwa mashine za sasa, imesafishwa. Mashine za sasa hazina njaa ya kumbukumbu. Zinaweza kuchora mji mpaka mwisho wake, basi zikaachwa zichore mpaka mwisho. Wachezaji wa zamani walilalamika sana, wakarusha picha zilizopigwa juu ya Chiliad, ramani yote imelala miguuni kama mkeka. Novemba 2024 likaja sasisho lenye chaguo la kurudisha mwanga na anga la zamani. Diski ya banda la Chang'ombe haijawahi kuliona sasisho hilo, kwa sababu bando la kulishusha lingekula mapato ya siku kadhaa. Mpwa wangu alikuwa anacheza kilichomo kwenye diski.

Sisemi walikosea kikazi. Mwaka 2008 ungeniuliza mimi nataka nini, ningekujibu bila kufikiri: toa ukungu, nione.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuna kilichopunguzwa. Kila barabara iko palepale. Ukipima kwa mita utapata mita zilezile. Dunia ambayo isingefika hata Mtumba kutoka katikati ya mji wetu ilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza, nasi hatukujua.

Kilomita sita zilikuwa mbali. Sasa ni sita tu.

## Pazia la mlangoni

Mimi naishi kwa kamera. Napiga harusi, kipaimara, mahafali ya vyuo. Kwa hiyo usiku ule wa Septemba sikuanza kuwaza gemu, nilianza kuwaza mwanga, maana huko ndiko nina uzoefu.

Kaa ndani ya banda la gemu mwanzoni mwa Oktoba, pazia limeshushwa, macho kwenye televisheni, kisha toka nje saa sita na nusu mchana. Jua liko utosini, na hapa sizungumzi kwa mafumbo. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita wima juu ya mji. Kivuli chako kinajificha chini ya viatu. Nje kuna kama luksi 100,000 za mwanga. Ndani ulikotoka, pengine hazikufika mia. Usiku wa mwezi mpevu hazifiki hata moja. Na jicho lilelile linafanya kazi kote huko.

Linafanyaje? Mboni hubana na kutanuka, lakini huo ni msaada mdogo. Kazi kubwa hufanywa na sehemu ya nyuma ya jicho, ambayo huuzoea mwanga upesi na kulizoea giza polepole. Kulizoea giza kikamilifu huchukua karibu nusu saa. Waulize waliowahi kuamka usiku wa manane kijijini: mara ya kwanza hauoni hata mkono wako, baadaye unaona mpaka njia ya kisimani.

Televisheni haiwezi kutoa jua. Weupe wake wa mwisho ni hafifu mno ukilinganisha na ukuta uliopakwa chokaa mchana wa Dodoma. Kwa hiyo gemu inalazimika kuukunja mwanga wa dunia nzima uingie kwenye kibuyu kidogo, na kukuigizia lile jicho linalozoea. Mwaka 2005 kampuni ya Valve ilitoa kipande kifupi cha Half-Life 2 kiitwacho Lost Coast, hasa kwa ajili ya kuonyesha kazi hiyo. Mwaka huohuo, kwenye PS2 ileile ya megabaiti 32, Shadow of the Colossus ilikuwa inakutoa hekaluni na kukuchoma macho kwa weupe, kisha uwanda unajitokeza taratibu. Jicho la kweli hutaka nusu saa, gemu hukupa sekunde chache. Sijali. Zile sekunde chache ndizo zinazonifanya niamini kwamba nimetoka mahali nikafika pengine.

Lakini kuna jambo ambalo kila mpiga picha wa nchi hii analijua kwa kuumia.

Mwaka huu nilikuwa na maharusi chini ya mbuyu, njia ya kwenda Hombolo. Saa tisa, anga nyuma yao jeupe kwa jua. Nikaiachia kamera ipime mwanga yenyewe. Anga likatoka zuri, mbuyu ukatoka mzuri mpaka makovu ya gome, na uso wa bwana harusi ukazama gizani, yamebaki meno. Kamera haijui harusi. Inachukua wastani wa vyote inavyoviona na kutaka wastani huo uwe kijivu cha kati, ile asilimia 18 tunayofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Imeona weupe mwingi, ikapunguza kila kitu. Nikaongeza mwanga hatua mbili. Anga likaungua, likawa karatasi tupu. Lakini sasa bwana harusi alikuwa na macho, na jasho kwenye paji, na ile furaha ya mtu asiyeamini.

Ilibidi mtu achague nani aonekane. Nilichoma anga, na ningelichoma tena.

Gemu nyingi hufanya wastani uleule. Elekeza kamera juu, penye jua, umwangalie mhusika mwenye ngozi kama yangu anavyozama.

Sasa jiulize, ile kamera inayomfuata CJ ni ya nani? CJ ana macho yake, hayako nyuma ya mgongo wake. Super Mario 64, mwaka 1996, ndiyo gemu niliyoiona ikijibu swali hili waziwazi: kamera imebebwa na Lakitu, kiumbe anayeelea juu ya wingu akiwa na kamera kwenye fimbo, na ukiingia kwenye chumba cha kioo ndani ya kasri unamwona nyuma ya Mario, anakupiga picha. Gemu za baadaye zilimwondoa Lakitu zikabakiza kamera yake. Matone ya mvua yanadondokea lensi isiyo na mwenyewe. Miduara ya rangi inaruka kutoka kwenye jua, kama lensi yangu inavyofanya nikisahau kuikinga.

Waswahili tunasema macho hayana pazia. Yaani huwezi kulizuia jicho kutazama. Kwenye gemu ni kinyume: kila jicho lina pazia, na pazia lina mwenyewe.

## Labda ni utoto tu

Wiki za katikati ya Oktoba niliacha kabisa kuandika makala haya. Niliona ninachokilinda ni miaka yangu kumi na miwili, ile karatasi ya daftari, na jirani aliyetuongezea dakika tano umeme ulipokatika. Mtu hulilia ukungu kwa sababu ndani yake kuna rafiki zake.

Basi nikafanya jambo moja la kuondoa ubishi. Nikanunua bando kubwa, nikaenda bandani, nikamuomba mwenye banda niunganishe mashine na simu yangu. Lile sasisho lilishuka kuanzia adhuhuri mpaka Magharibi. Nikamwita mpwa wangu, nikawasha mwanga wa zamani, nikampa pedi.

Akapanda Chiliad. Akatazama.

"Mbona kama televisheni imechakaa?"

Nikamwambia subiri, zoea. Akasubiri kwa heshima, kama dakika mbili hivi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Yeye na wenzake hucheza PUBG, gemu ya kuwindana kwa bunduki, kwenye simu. Humo, ukilala kwenye nyasi ukidhani umejificha, adui aliye mbali hazioni hizo nyasi. Simu yake haizichori umbali ule. Anakuona umelala juu ya ardhi tupu, anakupiga bila hata kuhangaika.

"Kwa hiyo, Mjomba, mimi kitu kisipochorwa sifurahi. Najua kuna mtu anaona na mimi sioni."

Nilikaa kimya.

Mimi nilikulia kwenye ukungu uliotufunika wote watano sawasawa kwenye benchi moja. Yeye anakulia kwenye ukungu unaomfunika mmoja na kumwacha mwingine wazi. Hayo si mambo mamoja, na sikuwa na haki ya kumtaka aupende. Akaniuliza kwa adabu kama anaweza kuzima ule mwanga wa zamani. Nikamwambia zima tu.

## Kilima

Nyuma ya mtaa wetu kuna kilima cha mawe, vile vilima vyetu vya Dodoma vinavyoonekana kama mtu amemwaga mawe makubwa akasahau kuyapanga. Mwishoni mwa Oktoba nilipanda peke yangu saa kumi na moja jioni. Ulikuwa ule wakati mbaya wa mwaka: nyasi zimekufa, mashamba yamechomwa, upepo umebeba udongo wote. Nilibeba kamera lakini sikuitoa.

Nilihesabu safu za vilima. Ya kwanza ilikuwa na mawe na miti. Ya pili ilikuwa na umbo tu. Ya tatu ilikuwa kama doa la chai kwenye kitambaa. Ya nne sikuwa na uhakika kama naiona au naikumbuka.

Nikiwa nimekaa pale, hesabu ikanijia. Mojawapo ya namna zinazotumika kwenye gemu kutengeneza ukungu ni hii: kila kipande cha umbali kinakula sehemu ileile ya kilichobaki. Kilomita ya kwanza inakula, tuseme, moja ya tano. Ya pili inakula moja ya tano ya kilichosalia. Hivyo hivyo mpaka kinachobaki hakina maana. Na hivyo ndivyo hewa inavyofanya. Vumbi, moshi, unyevu, hata hewa safi yenyewe, vyote hula mwanga kwa utaratibu huo. Kwa hiyo waliochanganya rangi ya chungwa kwa ajili ya megabaiti 32, wakitafuta mahali pa kuficha mkato, walikuwa wameshika hesabu ya jioni yangu hii.

Nilipoliona hilo nilisimama. Ukungu ule nilikuwa nimeuita uongo kwa wiki sita.

Lakini halikutosha, kwa sababu niliogopa kwamba nimechagua siku iliyonifaa. Mwezi wa vumbi utamfurahisha kila mpenda ukungu. Ilibidi nirudi siku ambayo hewa iko wazi.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Desemba, usiku kucha, ile inayopiga bati mpaka hamsikilizani ndani. Siku ya pili jioni nikampitia mpwa wangu kwao, tukapanda wote. Udongo unanukia. Kwenye mashimo ya mawe kuna maji, na vyura ambao sijui walikuwa wapi miezi yote ile.

Tulipofika juu sikumwambia chochote. Nilitaka nisikie.

"Mjomba, ile milima imesogea."

Ilikuwa imesogea kweli. Safu ya pili ilikuwa na mawe unayoweza kuyahesabu. Majengo ya Chuo Kikuu yalikaa kwenye miinuko yake kama unaweza kuyafikia kabla ya giza. Mji mzima ulikuwa umepungua, umekuwa wa mkononi, kama ramani ile ya bandani. Anayesimama kwenye kilima kinachouzidi uwanda kwa mita 100 anaweza kuona upeo wa kama kilomita 36, na jioni ile niliona kama zote 36 zipo hapa mtaani kwetu.

Kwa dakika kadhaa nilidhani nimeshindwa. Mungu mwenyewe akiosha hewa, dunia inapungua. Basi waliosafisha gemu wamefanya nini cha ajabu?

Nikaendelea kutazama. Safu ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Na kila moja ilikuwa na buluu kidogo kuliko ile ya mbele yake. Hata katika hewa iliyooshwa usiku kucha, mwanga wa buluu unatawanywa njiani na kutandwa juu ya kila kilicho mbali. Safu ya mwisho ilikuwa karibu kuwa anga. Ilikuwa wazi, na ilikuwa mbali, vyote viwili kwa pamoja.

Nikakumbuka kioo cha banda ile Septemba. Maghorofa ya Los Santos, upande wa pili wa dunia, yalikuwa na weusi uleule na ukali uleule wa kingo kama jiwe lililokuwa chini ya mguu wa CJ.

Hawakuondoa ukungu tu. Waliondoa hewa.

Hilo ndilo lilinikosesha usingizi, na sikuwa na neno lake mpaka nilipokaa juu ya jiwe lenye unyevu na suruali imelowa. Mita hazitoshi kutengeneza umbali. Lazima kati yangu na kile kitu kuwe na kitu kingine kinachokula kidogo, njia nzima, kwa haki. Waliotengeneza Breath of the Wild, ile Zelda ya 2017, walieleza hadharani jinsi walivyojaza ramani yao vilima vya umbo la pembetatu, ili kila kimoja kifiche kilicho nyuma na kumpa mchezaji shauku: apande, au azunguke? Niliposoma maelezo yao nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nasoma habari za barabara ya kutoka Dodoma kwenda Singida. Hata hivyo, ukipanda kilele cha juu kabisa katika gemu ile, buluu inakusubiri kwa mbali. Waliweka vilima, na hewa hawakuisahau.

Niliyasema haya yote kwa mpwa wangu, pengine kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alikuwa anarusha vijiwe kwenye maji ya shimo la mwamba. Nilipomaliza akaniuliza kama gemu ingekuwa na buluu ile, na mimi bado ningetaka ukungu wa zamani.

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia hapana, buluu ingetosha.

"Basi hata mimi ningeikubali hiyo," akasema. "Maana hapo vitu naviona."

Jua likaingia. Kwetu haligandi ukingoni, linazama kama jiwe, na dakika ishirini baadaye tayari ni taa. Tulianza kukusanya viatu tulivyokuwa tumevua ili tusiteleze. Akawa amesimama upande wa kaskazini, mkono juu ya nyusi ingawa jua halikuwepo tena.

"Kondoa kwa bibi ni upande gani?"

Nikamwonyesha. Nyuma ya safu ya mwisho kabisa, pale inapokuwa kama anga.

"Pale pale?"

"Nyuma yake."

"Ni mbali?"

"Mbali."

Hakushuka. Nikavaa viatu vyangu, nikafunga mfuko wa kamera, nikawasha tochi ya simu na kuizima tena kwa sababu ilikuwa inamharibia macho. Alikuwa bado anatazama kule.